Namna ya Kupima Umeme Dhidi ya Nishati ya Mimea kwa Chombo Chako: Mwongozo kwa Wakazi wa Arusha na Moshi

Swali la kama ni bora kuhamia kwenye chombo cha umeme, au kubaki na injini na kuilisha mafuta yatokanayo na mimea, huulizwa hapa kaskazini na watu wa aina mbili: mwenye bodaboda aliyechoshwa na petroli, na mwenye magari ya utalii ambaye wageni wake humuuliza, kabla mizigo haijapakiwa pale uwanja wa ndege wa KIA, gari lake linachafua hewa kiasi gani. Wote wawili huinama kuangalia bomba la moshi, na hapo ndipo hesabu inapoanza kuharibika. Chombo cha umeme hakina bomba, lakini umeme wake umezalishwa mahali fulani kwa kitu fulani. Biodizeli, yaani dizeli iliyotengenezwa kwa mafuta ya mimea, nayo hutoa bombani hewa ukaa karibu sawa na dizeli ya kawaida, isipokuwa hewa hiyo ilifyonzwa na mmea msimu uliopita badala ya kufukuliwa kutoka chini ya ardhi. Tofauti ya kweli iko mbali na bomba: kwa umeme, iko kwenye chanzo cha uniti na utengenezaji wa betri, kwa mimea, iko kwenye kazi ambayo shamba, maji au mabaki yale yangekuwa yanafanya kama usingeyageuza kuwa mafuta.

Mwongozo huu unaeleza namna ya kuipima tofauti hiyo kwa daftari, kalamu na kikokotoo cha simu. Sitaficha msimamo wangu. Kwa bodaboda na bajaji, umeme umekwisha kushinda. Kwa gari la safari, jibu linategemea unachajia wapi. Nishati ya mimea ina nafasi yake halali, lakini ni nafasi ndogo kuliko inavyohubiriwa, nayo ni ya mabaki na taka, haifiki kwenye kulima shamba zima kwa ajili ya tangi.

Daftari la siku 14

Kabla ya kulinganisha chochote, jua chombo chako kinakula nini sasa. Jaza tangi hadi juu, kisha kwa siku 14 mfululizo andika kilomita za kila siku na lita ulizoongeza, na siku ya mwisho jaza tena hadi pale pale ili kipimo kisiwe cha kukisia. Wiki moja haitoshi, kwa kuwa siku ya soko na siku ya Jumapili hazilingani, na dereva anayepandisha abiria kutoka Kiboriloni kwenda Old Moshi hutumia mafuta tofauti kabisa na mwenzake anayezunguka tambarare ya Pasua, hata kama pikipiki zao zilinunuliwa duka moja siku moja. Kwa kukadiria tu, bodaboda ya kawaida hula lita 2 hadi 2.5 za petroli kwa kilomita 100, na Land Cruiser ya safari yenye injini kubwa ya dizeli, ikiwa imebeba wageni na masanduku ya chakula, hula lita 14 hadi 16. Tarakimu za muuzaji ziache kwa muuzaji.

Sasa geuza lita kuwa kilo. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa takriban kilo 2.3 za hewa ukaa, na lita moja ya dizeli takriban kilo 2.7. Wengi hushangaa lita isiyofika kilo moja inatoaje zaidi ya kilo mbili. Sababu ni kwamba kaboni iliyomo kwenye mafuta hujiunga na oksijeni ya hewani, na oksijeni ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya uzito huo. Kisha ongeza sehemu ya tano juu yake kwa ajili ya kuchimba, kusafisha, kuleta kwa meli na kupandisha kwa malori kutoka pwani hadi huku.

Tuchukue bodaboda anayekwenda kilomita 120 kwa siku na kutumia lita 3. Zidisha kwa 2.3 upate kilo 6.9, ongeza sehemu ya tano, na utafika kilo 8.3 kwa siku. Iandike namba hiyo mahali pa kuonekana, kwa sababu kila kitakachofuata kitapimwa dhidi yake.

Uniti zako zinatoka wapi

Pikipiki ya umeme hutumia uniti 3 hadi 4 kwa kilomita 100, zikipimwa ukutani, yaani pamoja na zile zinazopotea kama joto kwenye chaja. Uchache huo una maelezo mepesi. Mota hugeuza zaidi ya asilimia 85 ya umeme kuwa mwendo, ilhali injini ya petroli hupoteza karibu robo tatu ya mafuta yake kama joto. Kila abiria aliyewahi kuunguzwa na bomba la bodaboda anaijua hasara hiyo, na chapa yake anayo kwenye shavu la mguu wa kulia.

Kwa kilomita zetu 120 tuchukue kipimo cha juu, yaani uniti 4.8. Hapa ndipo panapohitaji uangalifu, kwa sababu uniti haina rangi. Mtambo wa gesi asilia, mfano wa ile inayolishwa kutoka Songo Songo na Mnazi Bay, hutoa karibu nusu kilo ya hewa ukaa kwa kila uniti. Mtambo wa maji hutoa kidogo mno. Kwa miaka mingi gesi ndiyo iliyobeba zaidi ya nusu ya umeme wa gridi yetu, mpaka Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji lilipoanza kuzalisha mwaka 2024. Lina mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, jumla megawati 2,115. Baadhi ya watu wa Moshi hudhani kwamba kwa kuwa bwawa la umeme la Nyumba ya Mungu liko jirani, basi umeme wao ni wa maji mtupu. Nyumba ya Mungu ni megawati 8 tu, na vituo vingine vya maji vya Hale na Pangani ni 21 na 68. Isitoshe, gridi ni sawa na pipa moja ambalo kila mtambo humimina na kila nyumba huchota, na hakuna anayeweza kuchota maji ya mlango wake peke yake.

Kwa hiyo fanya hesabu mara mbili: moja ya hali mbaya, ukichukulia umeme wote ni wa gesi, kwa nusu kilo kwa uniti, na nyingine ya mchanganyiko wa nusu kwa nusu, kwa robo kilo. Bodaboda wetu atapata kilo 2.4 katika hali mbaya na kilo 1.2 katika hali ya mchanganyiko. Ziweke kando ya zile kilo 8.3. Hata pale tulipomwonea kwa makusudi, umeme haufiki theluthi moja ya petroli.

Deni la betri

Wapinzani wa umeme husema, na kwa haki, kwamba betri huzaliwa na deni. Kutengeneza betri ya lithiamu hutoa takriban kilo 60 hadi 100 za hewa ukaa kwa kila uniti moja ya ujazo wake. Betri ya pikipiki ina ujazo wa uniti 3 hivi. Tukichukua kipimo cha juu, deni lake ni kilo 300. Gawanya deni hilo kwa akiba ya siku moja, ambayo katika hali mbaya ni kilo 8.3 kutoa 2.4, yaani 5.9, na utaona kwamba limelipwa baada ya siku 51. Mchanganyiko wa nusu kwa nusu hulimaliza kwa siku 42. Betri njema hudumu miaka kadhaa. Ndiyo maana nilisema mapema kwamba kwa bodaboda sina cha kujadili.

Gari la safari ni jambo jingine, na linastahili kukaliwa. Tangu mwaka 2018 yapo hapa Arusha magari aina ya Land Cruiser yaliyong'olewa injini ya dizeli na kufungwa mota na betri, na aliyewahi kusimama nalo karibu na tembo anajua faida ambayo haimo katika hesabu yangu: mnyama haondoki. Tupige hesabu ya safari ya siku tano yenye kilomita 900. Kwa dizeli, lita 15 kwa kilomita 100 ni lita 135. Zidisha kwa 2.7, ongeza sehemu ya tano, upate kilo 437. Kwa umeme, tuchukulie uniti 40 kwa kilomita 100, ambacho ni kiasi cha kutosha kwa gari zito kwenye njia mbovu. Ni uniti 360, sawa na kilo 180 kwa umeme wa gesi na kilo 90 kwa mchanganyiko. Betri ya ujazo wa uniti 70 ina deni la kilo 7,000. Deni hilo litalipwa kwa safari 27 katika hali mbaya, na kwa safari 20 katika hali ya mchanganyiko, yaani kazi ya mwaka mmoja au zaidi kidogo kwa gari lenye shughuli.

Lakini fuatilia waya wa chaja hadi mwisho wake. Katika baadhi ya kambi za porini waya huo unapita nyuma ya jiko, unazunguka pipa la maji, na kuishia kwenye jenereta la dizeli linalonguruma ndani ya kibanda cha mabati. Jenereta la namna hiyo hunywa karibu theluthi moja ya lita kwa uniti, yaani takriban kilo 0.9 za hewa ukaa, na ukiongeza ile sehemu ya tano unafika karibu kilo 1.1. Safari ile ile sasa inagharimu kilo 390 dhidi ya 437 za dizeli, na deni la betri litahitaji safari karibu 150 kulipwa. Mgeni amepanda gari lisilo na moshi, na moshi umebaki kambini kumsubiri. Mwenye magari ya utalii aulize kila kambi anayolaza wageni swali moja tu: saa tatu usiku, umeme wa hapa unatoka wapi? Kama jibu ni betri za sola, gari la umeme lina maana huko. Kama ni jenereta, aidha ungoje, au upange njia za karibu, mfano Hifadhi ya Arusha au Tarangire, ambako unaweza kurudi kuchajia mjini.

Upande wa mimea: ingekuwa wapi?

Sasa tugeukie nishati ya mimea, ambako hesabu ni ngumu zaidi kwa sababu haipimiki kwa mita ya LUKU. Kila unapoletewa mafuta ya mimea, uliza: malighafi hii isingekuwa mafuta, ingekuwa wapi? Swali hilo hutenganisha biodizeli njema na mbovu kuliko cheti chochote.

Anza na shamba lililofyekwa msituni. Mwaka 2008 watafiti nchini Marekani walikokotoa muda ambao mafuta ya mimea yangehitaji kulipa hewa ukaa iliyotoka ardhini na mitini wakati wa kufyeka, na kwa michikichi iliyopandwa kwenye misitu ya ardhi ya mboji huko Indonesia na Malaysia walipata zaidi ya miaka 400. Hata miwa ya Brazil, ambayo husifiwa sana, ilihitaji miaka 17 pale ilipopandwa kwenye pori la miti lililosafishwa. Betri ya bodaboda ilihitaji siku 51. Yeyote anayekuambia kwamba mafuta ni safi kwa sababu yametoka kwenye mmea, mwulize mmea huo umesimama mahali pa nini.

Sisi wa kaskazini tumekwisha kuonja somo hili kwa mbono kaburi. Katikati ya muongo wa 2000 mmea huu ulipigiwa debe kama dhahabu ya nchi kavu, na ofisi za wanunuzi wa mbegu zilikuwapo hapa Arusha. Hoja ilikuwa nzuri: mbono huota ukingoni, hauliwi na mbuzi, hauhitaji shamba la mahindi. Tatizo lilikuwa kwenye mizani. Ua mzuri wa mbono hutoa takriban kilo moja ya mbegu kwa mita kwa mwaka. Ekari moja iliyozungushiwa ua ina mita 250 hivi pembezoni, hivyo kilo 250, na kwa kuwa lita moja ya mafuta inahitaji kilo nne hadi tano za mbegu, mwaka mzima wa kuchuma na kubangua kwa mkono huleta lita 55. Kwa gari la lita 15 kwa kilomita 100, mafuta hayo hayakufikishi Dodoma. Mashudu yake nayo yana sumu, kwa hiyo hata ng'ombe hapati chochote. Mbono ukiwa ua na mafuta yake yakiwa sabuni, nauheshimu. Ukiwa sera ya usafiri, hapana.

Alizeti na mawese yana hoja fupi: ni chakula, katika nchi ambayo bado huagiza nje sehemu kubwa ya mafuta yake ya kula. Lita inayokwenda kwenye tangi huacha pengo jikoni, na pengo hilo hujazwa na meli, ambayo pengine imetoka kwenye mashamba yale yale ya Asia tuliyoyataja. Yeyote anayelima alizeti kwa mbolea ya viwandani aongeze jambo moja: sehemu ya naitrojeni ya mbolea hugeuka shambani kuwa naitrasi oksaidi, gesi ambayo kilo yake moja hupasha dunia joto zaidi ya mara 260 ya kilo ya hewa ukaa.

Molasi, ile shira nyeusi inayobaki baada ya kutengeneza sukari, ndiyo inayonivutia zaidi, kwa kuwa ipo mlangoni petu. Kiwanda cha sukari cha TPC huko Arusha Chini, kusini mwa Moshi, huchoma makapi ya miwa na kujizalishia umeme wake, na hilo ni matumizi ya mabaki ambayo siyaonei shaka. Molasi inayobaki huweza kuchachushwa na kukamuliwa ethanoli, kama inavyofanyika Mwanga kwa ajili ya spiriti. Je, tuitie kwenye petroli? Uliza tena ingekuwa wapi. Molasi ni chakula cha ng'ombe wa maziwa wa Hai na Rombo wakati wa kiangazi. Ikipanda bei kwa sababu ya magari, mfugaji atatafuta pumba kutoka mbali, na lori litaichoma dizeli ile tuliyodhani tumeiokoa. Miwa yenyewe hulimwa kwenye uwanda wenye mvua haba na hunyweshwa kwa maji ya mito na visima, wakati Mto Kikuletwa ni mmoja wa mito inayolijaza bwawa la Nyumba ya Mungu. Tone linalonyweshwa muwa halizungushi mtambo ulio chini yake.

Zaidi ya hayo, ethanoli ina nguvu ya theluthi mbili tu ya petroli kwa lita. Ukichanganya asilimia 10, umebadilisha takriban asilimia 7 ya nishati. Tuseme ethanoli hiyo ni safi kama umande, bodaboda wetu atashuka kutoka kilo 8.3 hadi 7.7. Umeme wa gesi tupu ulimshusha hadi 2.4.

Hekta moja, njia mbili

Mtu anayefikiria kuwekeza kwenye ardhi afanye jaribio hili kwenye karatasi. Chukua hekta moja ya miwa inayotoa tani 100, mavuno ya mkulima hodari mwenye maji ya uhakika, na ukamue yote iwe ethanoli bila kubakiza sukari: ni lita 7,000 hivi, sawa kwa nguvu na lita 4,700 za petroli, ambazo zitaendesha gari dogo linalokula lita 7 kwa kilomita 100 kwa umbali wa kilomita 67,000. Hekta hiyo hiyo ifunge paneli za sola za kilowati 500, ukiacha njia za kupita. Kwa jua letu, kilowati moja hutoa takriban uniti 4 kwa siku, hivyo mwaka hutoa uniti 730,000. Gari dogo la umeme hula uniti 18 kwa kilomita 100. Gawanya, na utapata kilomita milioni 4. Ni mara 60. Sababu si uzembe wa muwa: mmea huhifadhi asilimia moja au mbili tu ya nuru inayouangukia, kwa kuwa una mizizi ya kukuza na majani ya kulisha, wakati paneli, isiyo na familia, hunasa karibu asilimia 20. Hesabu hii haidai kwamba tung'oe miwa. Inaonyesha tu kwamba ardhi na maji havifai kuwa vya kwanza kutumika kuendesha magurudumu.

Pale biodizeli inapofaa, na namna ya kuipima

Inabaki taka. Mafuta yaliyokaangia chipsi na kuku katika hoteli za mjini, yakiwa yamegeuka rangi ya kahawa chungu, hayana mahali pema pa kwenda. Yakimwagwa huziba mifereji, na yakiuzwa kwa bei ya kutupa hurudi kwenye karai la mtu mwingine. Ukiyageuza kuwa biodizeli unaokoa sehemu kubwa mno ya hewa ukaa ya dizeli, maana hakuna shamba wala mbolea ya kulipia. Ila kipime kiasi. Hoteli inayotoa ndoo ya lita 20 kwa wiki hutoa lita 1,000 hivi kwa mwaka, na biodizeli hupatikana karibu lita kwa lita. Hizo ni safari saba za kilomita 900. Kwa mwenye gari moja la dizeli ambalo litaendelea kwenda zile sehemu za Serengeti ambako hakuna pa kuchajia, ni msaada wa kweli. Kwa mji mzima ni tone.

Usitengenezee nyumbani. Kazi hii huhitaji methanoli na kostiki soda. Methanoli hupofusha na kuua, na mwali wake mchana hauonekani, hivyo mtu anaweza kuungua bila kujua moto uko wapi. Nunua kwa mtengenezaji mwenye karakana, na upime mwenyewe kabla ya kutia. Chukua chupa safi ya kioo, tia biodizeli nusu na maji nusu, funga, tikisa kwa nguvu sekunde kumi, kisha iweke mezani. Ndani ya nusu saa vitu viwili vinapaswa kujitenga, mafuta juu na maji chini, na mstari kati yao uwe mkali kama umepigwa rula. Ukiona katikati pamebaki utando mzito mweupe mfano wa maziwa mgando, kuna sabuni au mafuta ambayo hayakugeuka, na hayo yataziba nozeli. Mrudishie mwenye mali.

Mipira ya mafuta ya magari ya zamani hulainishwa na biodizeli. Ibadilishe mapema, na beba filta mbili za akiba, kwa sababu biodizeli huosha uchafu wote uliolala kwenye tangi miaka 20 na kuupeleka mbele. Anza na mchanganyiko wa asilimia 20. Magari mapya yenye pampu za shinikizo kubwa, yaani yale yanayoongozwa na kompyuta, yaache kabisa na mafuta yasiyo na kipimo cha maabara.

La mwisho hapa nimelilipia mwenyewe. Julai moja tulitia biodizeli iliyotokana na mawese, ikiwa safi na imefaulu jaribio la chupa, tukalala ukingoni mwa Kreta ya Ngorongoro, zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari. Alfajiri injini iliwaka, ikakohoa mara tatu, ikazima. Tulipoifungua filta tulikuta imejaa kitu cheupe kilichoganda kama samli. Wageni walikunywa chai ya pili na ya tatu wakati sisi tukimwagia filta maji ya moto kwa birika la jikoni. Biodizeli ya mawese huanza kuganda kwenye ubaridi wa nyuzi 13 hadi 16 hivi, na ukingo wa kreta hushuka chini ya hapo karibu kila usiku wa kipupwe. Ukiwa unapanda huko, punguza mchanganyiko au tia dizeli tupu Karatu.

Kwa wafugaji wa vihambani, neno moja. Ng'ombe wawili wa zizini hutoa samadi kilo 40 hivi kwa siku, ambayo ikichachuka kwenye mtambo wa biogesi hutoa mita za ujazo 1.6 za gesi, ambazo zina nguvu ya karibu lita moja ya dizeli. Usihangaike kuisafisha na kuikandamiza ili iingie kwenye injini. Ipikie. Jikoni huondoa kuni na mkaa moja kwa moja, na tope linalobaki hurudi kwenye migomba. CAMARTEC, kituo cha zana za kilimo na teknolojia ya vijijini hapa Arusha, wamejishughulisha na mitambo hii tangu miaka ya 1980. Kagua viungio kwa povu la sabuni kila mwezi, kwani methani, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya gesi hiyo, ikivuja hupasha joto takriban mara 28 kuliko hewa ukaa, na uvujaji mdogo hula faida yote.

Ukichagua umeme, chagua betri kwanza

Muuzaji atakuonyesha taa na redio. Wewe uliza betri ni ya aina gani. Zile za risasi na asidi ni rahisi kununua lakini hufa baada ya mizunguko mia tatu hadi mia tano ya kuchaji, na zikifika kwa wayeyushaji wa vichochoroni risasi yake huingia kwenye udongo ambao watoto huchezea. Ikiwa ni ya lithiamu, omba yenye madini ya chuma na fosfati, ambayo haina kobalti wala nikeli, huvumilia joto, na hudumu mizunguko zaidi ya elfu mbili. Dai kwa maandishi kwamba muuzaji ataipokea ikichoka.

Anayetaka kuchajia sola akumbuke kwamba bodaboda huwa barabarani jua likiwa juu, hivyo anahitaji betri mbili za kubadilishana, moja ikitembea na nyingine ikichajiwa. Kwa uniti 4.8 kwa siku, paneli tatu za wati 400 zinatosha miezi mingi ya mwaka. Hazitatosha Juni na Julai, mlima unapojifunika wiki nzima na Moshi yote ikavaa sweta. Kwa miezi hiyo ongeza paneli ya nne au ununue LUKU, na katika daftari lako uziandike uniti hizo kwa nusu kilo kila moja.